Jino Moja Nje ya Alama

Nimestaafu mwezi uliopita, na tayari vijana watatu wa karakana wamenipigia simu kuniuliza dawa ya pikipiki inayotetemeka. Mmoja alinieleza kwa furaha kwamba amefunga vishikio vya sponji kwenye usukani na mwenye pikipiki ameridhika. Nilimkatia simu. Baadaye nikamrudia, maana si adabu kumkatia mtu simu, nikamwambia akavifungue avitupe jalalani. Haya ninayoandika ni kwa ajili yake na wenzake. Vyeo havifungui nati, kwa hiyo vyangu sitavitaja. Nitaeleza nilivyofundishwa kazi, halafu nitaeleza habari ya pikipiki moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka naghadhibika, na sehemu kubwa ya ghadhabu hiyo ni yangu mwenyewe.

Nilijifunza ufundi kwa Mzee Yusufali, Ngamiani. Babu zake walitoka Bara Hindi, lakini yeye alizaliwa Tanga na Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga kuliko changu mie mtoto wa Muheza. Duka la spea lilikuwa mbele, gereji uani. Siku ya kwanza nilifika na spana mpya mfukoni, nikitaka azione. Hakuzitazama. Aliwasha pikipiki iliyokuwa imesimama kwa stendi kubwa, akaniambia niweke kiganja juu ya tangi, kisha kwenye usukani, kisha kwenye kiti, kisha pale pa kukanyagia.

"Waona nini?"

"Yatetemeka, mzee."

"Hilo hata mbuzi angelijua. Wapi zaidi?"

Nikashika tena, taratibu. Nikamwambia upande wa kulia, chini. Akainama, akanionyesha bolti ya chini inayoshika injini kwenye fremu. Ilikuwa imelegea nusu mzunguko, si zaidi. Akaikaza, akaurudisha mkono wangu palepale. Mtetemo ulikuwa umepungua kiasi cha mtu kushangaa. Siku ile nzima sikuruhusiwa kugusa spana. Nilipofika nyumbani nilimwambia mama yangu kwamba yule mzee ni mchoyo wa ufundi. Nilikuwa mjinga, na ujinga wenyewe ulikuwa unaanza tu.

Mzee alinifundisha kwamba injini ya pistoni moja haiwezi kutulia kabisa. Pistoni inapanda na kushuka kama mtu anayetwanga peke yake, na kinu lazima kitikisike. Swali ni kama mtikisiko umezidi, na unatoka wapi. Ipeleke barabarani mpaka ufike ule mwendo ambao ubaya unatokea, halafu bana klachi na uachie mafuta. Mtetemo ukibaki wakati injini imeshuka, tafuta kwenye tairi, rimu na cheni. Ukiondoka, shida iko kwenye injini au kwenye kinachoishika. Kisha simama, toa gia, pandisha mafuta kidogo kidogo. Ukikujia hapohapo, na pikipiki haiendi popote, acha kuwauzia watu tairi wasizozihitaji. Anza na vya nje: bolti za injini, bushi zake za mpira, mabano ya bomba la moshi. Halafu plagi na kabureta, maana injini isiyochoma vizuri huruka kama mwenye kwikwi. Vya nje vikiisha ndipo unapata haki ya kufungua injini. Nimeona mafundi wakipasua injini nzima kwa ajili ya bolti moja. Nimeona na wabaya zaidi, wanaokaza bolti moja ili wasipate taabu ya kufungua injini.

Kabla ya yote hayo, Mzee alikuwa na maswali mawili kwa mwenye pikipiki. Ilianza lini? Na kabla haijaanza, ilifanywa nini? Alisema fundi asiyeuliza hayo ni mpiga ramli, tofauti yao ni kwamba mpiga ramli nguo zake ni safi.

Mzee alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, wanawe walibakiza duka tu. Nikaajiriwa kwenye karakana ya idara moja mjini, iliyokuwa ikitunza pikipiki za watumishi wa afya wa vijijini. Idara siitaji. Walioko watajijua.

Miongoni mwa watumishi hao alikuwepo Nesi Zuhura. Alikuwa binti wa Kigombe, kituo chake kilikuwa upande wa Pangani, na kazi yake ilikuwa kupeleka chanjo vijijini mpaka Ushongo, boksi la barafu likiwa limefungwa nyuma ya kiti. Aliendesha vizuri. Nasema hivi mapema kwa sababu baadaye iliandikwa vingine. Nilikuwa nikitazama cheni na breki za pikipiki zote, na breki humsema dereva wake. Za kwake zilikuwa zimelika sawasawa, mbele na nyuma, kama za mtu anayejua anachokifanya.

Siku moja pikipiki yake ililetwa klachi ikiwa inateleza. Nilipofungua upande wa klachi nikakuta na gia ndogo ya kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imelika meno. Nikaitoa ili nifunge mpya. Sasa, nyuma ya gia ile kuna gia nyingine inayozungusha shafti ya balansa. Hii ni shafti fupi yenye uzito upande mmoja, inazunguka kinyume na krenki ili kuua ule mtikisiko wa pistoni. Gia zake mbili zina alama, kinukta hapa na kinukta pale, na vinukta hivyo lazima vitazamane. Visipotazamana, ule uzito uliowekwa uzuie mtikisiko unauongeza. Kila fundi anajua. Mimi nilijua.

Asubuhi ile Bwana Mdoe, msimamizi wa usafiri, alikuja mlangoni mara tatu. Wageni walikuwa wanakuja kutembelea idara, na alitaka pikipiki zote zipangwe mstari uwanjani saa nane mchana, zimeoshwa, usukani wote umegeuzwa upande mmoja.

"Fundi Athumani, hiyo moja isije ikatutia aibu."

"Nipe mpaka kesho niijaribu barabarani."

"Kwani wageni watapanda? Iwake tu."

Nikafunga kifuniko saa saba na nusu. Ikawaka. Ikapangwa. Wageni wakapiga picha mbele yake, na nadhani picha hiyo ipo ukutani kwa mtu mahali fulani.

Baada ya wiki mbili Zuhura akaja.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, binti yangu."

"Pikipiki yangu tangu ilipotoka hapa inatetemeka sana. Nikishika mwendo kidogo tu, vidole vinakufa ganzi. Zamani haikuwa hivi."

Sikieni vizuri alichoniambia. Ameniambia ilianza lini, na ameniambia kabla haijaanza ilifanywa nini. Maswali yote mawili ya Mzee Yusufali ameyajibu bila kuulizwa, kwa sentensi chache, amesimama mlangoni na helmeti mkononi. Na mimi, mwenye umri ule na uzoefu ule, nikamjibu: "Klachi ni mpya. Utazoea."

Alirudi mara ya pili. Nikakaza bolti za injini. Nikapata moja imelegea, nikamwonyesha kwa majivuno kama aliyevua samaki mkubwa. Ililegea kwa sababu ya mtetemo, mtetemo haukuletwa na bolti, lakini sikutaka kufikiria mbali zaidi ya spana yangu. Mara ya tatu hakuja, aliandika barua. Bwana Mdoe aliileta karakana akiwa anacheka.

"Hawa akina mama bora wangepewa baiskeli. Mfanyie kitu atulie."

Nikacheka na mimi. Hilo nimeliandika hapa kwa kulazimisha mkono. Nilicheka, halafu nikachukua vishikio vya sponji stoo nikavifunga kwenye usukani wake.

Zuhura alianguka baada ya siku chache, akiwa anarudi kutoka vijijini. Palikuwa na mteremko wa udongo mwekundu, mbele yake ng'ombe wakavuka njia. Aliwaona kwa mbali, wala hakuwa kwenye mwendo mkali. Alipotaka kubana breki ya mbele, vidole havikumtii. Akaelekeza pikipiki mtaroni ili asiwaparamie ng'ombe na mchungaji wao. Alivunjika mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega, na kuumia mkono wa kushoto.

Pikipiki ililetwa karakana juu ya pikapu, na kabla haijateremshwa taarifa ilikuwa imeshaandikwa: mwendokasi na uzembe wa dereva. Hakuna aliyemuuliza mchungaji. Hakuna aliyeniuliza mimi. Barua ya onyo ilikuwa tayari imepigwa chapa, inasubiri kikao tu, na pamoja nayo pendekezo kwamba Nesi Zuhura asiendeshe tena, akae kituoni, vijiji vyake apewe mtu mwingine. Sababu mojawapo iliyotajwa ilikuwa kwamba dereva huyu amekuwa na malalamiko ya mara kwa mara kuhusu chombo. Someni tena hapo. Kulalamika kwake, ambako kungemwokoa, ndiko kulikofanywa ushahidi dhidi yake.

Hapo ndipo nilipoanza kukasirika, kwa kuchelewa. Ng'ombe walivuka njia, sawa, lakini taarifa ilisema alishindwa kubana breki kwa sababu alikuwa kasi. Mimi breki zake nilizijua.

Nikanyoosha usukani, nikafunga boksi lake nyuma na kulijaza chupa za maji, nikaipeleka barabara ya Pangani. Nikabana klachi: mtetemo ukaondoka. Nikasimama, nikatoa gia, nikapandisha mafuta: ukarudi, mkali, unapanda kwenye mifupa ya mkono mpaka kwenye meno. Nikaendelea mpaka Kigombe na kurudi. Niliposhuka, kifungo cha shati kilikuwa kimefunguka kwa upepo, nikataka kukifunga. Nilishindwa. Vidole vilikipapasa kifungo kama vya mtu mwingine. Na mimi nilikuwa nimekwenda safari moja. Yeye alikuwa amekwenda siku zote zile.

Nikafungua kifuniko. Nikazungusha krenki polepole mpaka kinukta cha kwanza kikaja juu. Kinukta cha pili kilikuwa pembeni yake, jino moja nje. Jino moja tu. Nikaketi kwenye sakafu palepale, kwenye oili, nikawa nakitazama.

Nilikwenda kwa Bwana Mdoe moja kwa moja.

"Andika ajali imeharibu gia," akasema.

"Gia ni nzima. Imefungwa vibaya. Nimeifunga mimi."

Akainuka akafunga mlango. "Athumani, wewe ni mtu mzima. Kikao kinauliza habari ya dereva, hakiulizi habari ya gia. Dereva keshaumia, onyo ni karatasi. Wewe unataka kujichafua kwa ajili ya karatasi ya mtu mwingine?"

"Karatasi hiyo ina jina lake na kosa langu."

"Basi andika, lakini mimi siipokei."

Niliandika taarifa yangu, na kweli hakuipokea. Nilimwekea mezani, akaisukuma kwa kalamu kana kwamba ina ukoma.

Ijumaa baada ya sala nikapanda gari mpaka Kigombe. Zuhura alikuwa kwao, mkono umefungwa kifuani. Mama yake alinikaribisha vizuri, akanitolea mkeka, akaanza kunimiminia kahawa. Nikaona nikisubiri kahawa nitakosa ujasiri, nikasema yote papo hapo: saa nane, wageni, vinukta, jino moja. Mama yake akaliweka dele chini, kikombe kikiwa nusu. Hakunifukuza, lakini hakukijaza.

Zuhura akanigeukia.

"Mara tatu, Fundi."

"Mara tatu, mwanangu. Naomba unisamehe."

"Sasa hayo waniambia mie ya nini? Mie nilishasema. Kawaambie wao."

Nikainuka, nikaaga, nikarudi mjini.

Siku ya kikao nilifika mapema na pikipiki. Nilikuwa nimeifunga vilevile nilivyoikuta, jino moja nje, nikaisimamisha kwa stendi chini ya dirisha la chumba cha mkutano. Mwenyekiti alikuwa daktari mmoja mama wa makamo, mgeni kwenye idara, ambaye Bwana Mdoe hakuwa amepata nafasi ya kumzoea. Nilipoingia bila kuitwa, Bwana Mdoe akasema fundi hayumo kwenye ajenda. Mwenyekiti akauliza fundi ana nini.

"Mheshimiwa, naomba mje mshike usukani wa pikipiki hii. Ni dakika chache tu. Halafu mwandike mnachotaka."

Wakashuka, wengine wakinung'unika. Zuhura alikuwa kwenye benchi la barazani, ameitwa kujieleza. Nikawasha, nikapandisha mafuta mpaka kile kiwango anachotumia mtu barabarani. Wa kwanza kushika alikuwa mwenyekiti. Alishika, akakaza uso, akaendelea kushika. Niliposema basi, nikampa kalamu, nikamwomba ajaribu kusaini pembeni mwa ile barua ya onyo iliyokuwa kwenye faili lake. Saini ilikwenda kama njia ya siafu. Akaitazama, akavikunjua vidole, akamwambia Bwana Mdoe, "Na wewe shika."

"Mimi naifahamu hii pikipiki, Mheshimiwa."

"Nimesema shika."

Akashika. Aliachia kabla sijamwambia.

Nikawaomba wasubiri. Mwenyekiti akasema hakuna anayeondoka. Nikamwaga oili, nikafungua kifuniko mbele yao, nikamwonyesha kila mmoja vinukta viwili, nikasogeza jino moja, nikafunga na gasketi mpya, nikarudisha oili. Ilichukua muda, na jua lilikuwa linawaka, na mmoja wao alilalamika kuhusu jua hilo mpaka akanyamazishwa. Kisha nikawasha tena. Mwenyekiti akaweka mikono. Injini ileile, mwendo uleule. Akaiacha mikono pale kwa muda, halafu akageuka kumtazama Zuhura benchini.

"Uliripoti mara ngapi?"

"Tatu," akasema Zuhura.

"Nani alifunga hii gia?"

"Mimi," nikasema. "Na nilipoambiwa, nilimwambia atazoea."

Barua ya onyo ya Zuhura ilichanwa. Yangu ilipigwa chapa wiki hiyohiyo, ikaingia kwenye jalada langu, na imekaa humo mpaka nimestaafu. Sikuomba iondolewe. Pikipiki zote nilizofunga kwa ajili ya wageni wale nilizirudia moja moja. Kuanzia siku ile hakuna iliyotoka mlangoni kwangu bila kwenda barabarani na mzigo wake kamili, awe anaisubiri waziri au nani. Bwana Mdoe hakupata barua yoyote. Alihamishwa baadaye kwenda kwenye ofisi kubwa zaidi, na kwenye hafla ya kumuaga alisifiwa kwa kuzingatia muda. Nilikuwepo. Nilikula pilau yao, ilikuwa na chumvi nyingi.

Mtulinga wa Zuhura uliunga. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha mwisho na kinachofuata, havikurudi vizuri. Daktari alimwambia mishipa ya fahamu ilikuwa imechoshwa na mtetemo kabla hata hajaanguka, na kuanguka kukamalizia. Aliporudi kazini alikuja karakana kuchukua pikipiki. Nikamkabidhi ufunguo. Akanirudishia.

"Endesha wewe. Nami nakaa nyuma. Mpaka Ushongo."

Nilikuwa na kazi nyingine siku hiyo. Niliiacha. Tulikwenda njia nzima, boksi la chanjo akiwa amelipakata kati yetu, na kila baada ya mwendo kidogo alikuwa akinigonga bega nisimame, anashuka, anashika usukani injini ikiwa inawaka, anasikiliza mkono wake mzima, anapanda tena. Hatukuzungumza lolote lingine. Mimi nilimwomba samahani mara moja kule Kigombe, na nilielewa kwamba kumwomba kila siku ingekuwa kumtwisha kazi ya kunifariji.

Ushongo tulikuta akina mama wamekaa foleni na watoto mapajani. Zuhura akapanga vitu vyake mezani, akaanza. Sindano aliishika sawasawa kwa mkono wa kulia. Chupa ndizo zilizomshinda: chupa inataka kushikwa kwa vidole vya kushoto, na kile kifuniko kidogo juu king'olewe kwa vya kulia, nayo ilimteleza mara mbili. Mara ya tatu akaidaka kabla haijaanguka chini. Akina mama wakatazama pembeni kwa heshima. Yeye akageuka akanitafuta kwa macho pale nilipokuwa nimesimama karibu na pikipiki.

"Fundi, kanawe mikono. Kwa sabuni. Uje unifungulie."

Nikanawa mpaka kwenye viwiko. Nikaja nikasimama kushotoni kwake, nikawa namfungulia chupa moja baada ya nyingine, bila kuharakisha, mpaka foleni ikaisha.